Ya Mtu Mmoja Tu

3 Machi

Kwako Baba,

Shikamoo. Ulinikataza kukutumia ujumbe wa simu, ukasema barua ni barua: iwe na tarehe juu na jina chini, na ije kwenye kompyuta uisome kwa nafasi. Nimetii. Mjukuu wako anasema Babu anapenda mambo ya kizamani. Nimemwambia anyamaze, lakini na mimi nilicheka kidogo.

Nina kazi ya kukuomba. Karani, ile programu ya kuandikia aliyoitengeneza mwanao, bado inatumika. Mahakamani wanaiandikia hukumu, wanafunzi wanaiandikia tasnifu, na kuna mama mmoja mtafsiri wa mikataba ambaye hunishukuru kana kwamba ni mimi niliyeitengeneza. Tangu mwanao afariki, kuitunza ni juu yangu na vijana wawili wanaojitolea. Mmoja tunamwita Profesa, kwa sababu hakuna jambo asilobishia.

Ndani ya programu mna maagizo ambayo kompyuta inayafuata, na katikati yake mna maelezo ambayo kompyuta inayaruka. Hayo maelezo ni ya binadamu tu. Mwandishi anamwambia atakayekuja baada yake: hapa nimefanya hivi, kwa sababu hii. Mwanao aliyaandika mengi, tena mazuri, lakini mengine si kweli tena. Alikuwa anaandika maelezo kwanza, kisha anabadilisha kazi yenyewe, kisha harudi kuyarekebisha. Mahali fulani anasema maandishi huhifadhiwa kila dakika. Si kweli, huhifadhiwa pale tu mwandishi anapoacha kubonyeza. Profesa aliamini maelezo yale, akajenga kitu juu yake, na karani mmoja wa mahakama akapoteza kazi ya asubuhi nzima.

Wewe umesahihisha vitabu maisha yako yote pale kwenye kiwanda cha uchapaji. Nikikutumia maelezo peke yake, bila yale maagizo ya mashine, utanisaidia kuyanyoosha? Mimi nitakuambia lililo kweli, wewe utalisema ieleweke.

Mkweo


9 Machi

Kwako mkwe wangu,

Marahaba. Mwambie mjukuu wangu kwamba Babu ni wa kizamani lakini meno ya mbele anayo. Yeye je?

Barua yako nimeisoma polepole, kama ninavyosoma kila kitu siku hizi. Nitakusaidia, ila nina sharti. Kule kiwandani msahihishaji hafuti. Anapiga mstari mmoja mwembamba juu ya neno ili lililokuwepo lisomeke, anaandika lililo sahihi pembeni, kisha anatia saini yake. Aliyefuta mpaka karatasi ikatoboka tulimwona ni mtu wa kuficha jambo. Haya unayoniletea ni maneno ya mwanangu. Sauti yake inaanza kunipotea, na picha zake sizitazami siku hizi. Maneno ndiyo niliyobaki nayo. Kwa hiyo usinifutie.

Umenikumbusha mbali. Tulikuwa tunafanya kazi wawili wawili. Mmoja anasoma kwa sauti alichoandika mwandishi, na kila nukta na mkato anautaja, na mwingine anafuata kwenye karatasi iliyochapwa. Mwenzangu alikuwa na pua iliyoziba, basi kwangu kila kitabu kilisikika kina mafua. Alifariki zamani. Nikisoma peke yangu bado namsikia anasema nukta.

Lete hayo maelezo.

Baba mkwe wako


15 Machi

Kwako Baba,

Shikamoo. Sharti lako lilikuwa limeshatimizwa kabla hujaliweka. Programu hizi zina kumbukumbu yake. Kila badiliko linaandikwa: nani kalifanya, lini na kwa nini. Nikibadilisha neno la mwanao, lake linabaki chini palepale, na jina lake. Fungu la kwanza nimeliambatanisha na barua hii.

Kuna sehemu moja nimeitenga. Nimeiandika na kuifuta habari hii mara nyingi, kwa hiyo nivumilie.

Pale programu inapochora herufi kwenye kioo, mwanao aliweka sehemu ambayo hatujui ni ya nani. Ukishikilia vitufe fulani viwili, ukurasa wote unatoweka na unabaki mstari mmoja tu, herufi nyeupe kwenye weusi, kubwa kiasi kwamba maneno matatu yanajaza kioo kizima. Haimo kwenye orodha ya kazi za programu, wala haimo kwenye mwongozo. Inaifanya programu iwe nzito kwenye kompyuta za zamani, na Profesa anataka kuiondoa. Juu yake mwanao ameandika maelezo haya, na haya tu:

*Ya mtu mmoja tu. Ameniapisha nisimtaje. Msiiguse.*

Tarehe yake ni ya ile miezi ya mwisho. Alikuwa anachelewa sana kurudi. Nilimuuliza anafanya nini, akasema anamalizia kitu cha mtu. Mtu gani? Akacheka, akasema hilo si langu kulisema. Tuligombana, Baba. Haukupita muda, moyo wake ukasimama akiwa kwenye ngazi za ofisi, na hatukuwa tumepatana vizuri.

Naona kabisa kwamba ni ya mtu asiyeona sawasawa. Lakini macho mabovu si aibu. Mtu wa kumwapisha mwenzake kwa ajili ya macho ni mtu gani? Nimewapitia wote ninaowajua mpaka nimechoka, na ninapochoka naanza kuwafikiria nisiowajua.

Najua mipaka ya mkwe, kwa hiyo sikuulizi kama mkwe. Nakuuliza kama mtunzaji wa programu. Aliwahi kukutajia mtu huyo? Nikimjua, nitaandika maelezo yanayoeleweka na Profesa atanyamaza. Nisipomjua, sina hoja ya kuitetea. Na mimi mwenyewe, nikisema kweli, sitaki tena kuitazama.

Mkweo


28 Machi

Kwako mkwe wangu,

Nakurudishia fungu la kwanza. Mwanangu alikuwa na tabia ya kuandika "ni wazi kwamba" kila mahali pasipokuwa wazi. Nimeyapigia mstari yote. Pale aliposema "hii inafanya kazi, usiniulize kwa nini," nimepaacha, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nilimsikia akisema.

Pale pa kuhifadhi maandishi nimeandika hivi: "Maandishi huhifadhiwa mwandishi anapotulia, si kabla. Asiyetulia hana kitu kilichohifadhiwa." Niambie kama nimekosea.

Kuhusu ile sehemu nyingine, sina la kukuongezea. Kila mtu ana mambo yake, na marehemu ni marehemu. Mwache apumzike. Kama inawasumbua iondoeni, hakuna atakayedhurika.

Wifi yako kanipigia tena, anataka nihamie kwake. Tangu awe muuguzi, mtu akikohoa tu yeye anatandika kitanda. Nimemwambia sina ugonjwa wowote na nyumba yangu sijaichoka. Kila kitu humu nakijua kilipo.

Baba mkwe wako


2 Aprili

Kwako Baba,

Shikamoo. Nimekuelewa.

Nilitumaini utaniambia ni fulani, rafiki yake wa shule, hata kama ni uongo. Umeniambia marehemu ni marehemu, na mimi si mtoto mdogo. Nakushukuru kwa ulivyojaribu kunistiri.

Jana tumeiondoa sehemu ile pamoja na maelezo yake. Kazi aliifanya Profesa, mimi nilikwenda kusimama dirishani. Leo usiku toleo jipya linatoka. Pia nimeitoa picha ya harusi pale sebuleni. Si kwa hasira, ni kwa muda tu. Mjukuu wako aliuliza, nikamwambia fremu imelegea. Akaenda kuleta gundi.

Fungu la pili nitakutumia nikipata nguvu.

Mkweo


19 Aprili

Mwanangu,

Sioni ninachoandika. Vidole vinaijua njia, lakini kioo mbele yangu ni weupe mtupu wenye vumbi vumbi. Fundi viatu, jirani yangu, ataituma barua hii nikimaliza. Nimemwomba asiisome, naye anasema kwa urefu ninaoandika hana hamu nayo. Kama kuna makosa, safari hii yapite.

Yule mtu mmoja ni mimi.

Macho yalianza kuniacha katikati, si pembeni. Nikikutazama usoni, uso ndio usioonekana, masikio yako nayaona. Ndiyo maana picha zake sizitazami. Nikielekeza macho kwake, ndipo anapotoweka.

Nilimwambia yeye peke yake, na nilimwapisha. Nilijua dada yake akisikia atafunga virago vyangu siku hiyo hiyo. Na ilikuwa aibu, mwanangu. Wewe uliandika kwamba macho si aibu, lakini wewe hukuwa msahihishaji. Kiwandani, kitabu kikiwa kigumu, walisema kipelekeni kwa mzee, yeye hapitwi na kitu. Heshima yangu yote ilikaa machoni. Nikaamua nitakufa na tai shingoni.

Basi akaja na kompyuta hii. Akakaa nami, anapima. Maneno manne kwenye kioo, nikashindwa. Matatu, nikasoma. Aliandika "habari yako baba," nami nikaisoma kwa sauti. Akatoka nje, akakaa huko kitambo, aliporudi akasema kulikuwa na upepo. Kisha akarudi mjini kuimaliza vizuri, na hiyo ndiyo kazi iliyokuwa inamchelewesha.

Barua zako zote nimezisoma humo ndani ya Karani, maneno matatu matatu. Ile ya ugomvi wenu niliianza baada ya chai nikaimaliza jua likiwa utosini. Nilielewa unachokiogopa. Nilijitia hamnazo. Nilijiambia kwamba aliyekufa haumizwi na neno la mtu, mimi bado nina majirani. Nikamwachia mwanangu abebe lawama.

Na niliposema iondoeni, nilifikiri kama mtu wa kiwandani. Kwetu sisi, kitabu kikishachapwa na kukaa rafuni kwako ni chako. Watoe toleo la pili, la tatu, chako hakiguswi. Sikujua kwamba toleo jipya likitoka, hiki changu kitajibadilisha chenyewe hapa mezani. Barua yako ya mwisho niliwahi kuisoma mpaka kwenye gundi. Nikazima, nikakaa. Nilikuwa nimeshaamua kukuambia, nataka uliamini hilo, kabla sijajua kwamba nitapoteza chochote. Asubuhi nikawasha, nikashika vitufe viwili, hakikutokea kitu. Nikadhani vidole vimekosea. Nikashika tena. Kisha nikaona aibu kukuandikia, maana ingeonekana nalilia vitufe, na siku zikapita hivyo.

Mrudishe ukutani. Alikuwa anatunza kiapo cha baba yake, na wewe hakutaka kukudanganya. Angeweza kukutajia jina lolote. Alisema si lake kulisema, na hiyo ilikuwa kweli tupu.

Ukijibu kwa barua sitaweza kusoma. Ukitaka nikusikie, nipigie. Usipopiga, sitakulaumu.

Baba


21 Aprili

Kwako Baba,

Shikamoo. Jana kwenye simu sote wawili tulishindwa. Wewe ulikuwa unakohoa, mimi nasema haya, haya, mpaka salio likaisha. Kwa hiyo naandika, na wewe unasoma, kwa sababu sehemu yako imerudi. Shika vitufe vile vile. Profesa aliirudisha kabla sijamaliza kumweleza, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakubisha.

Nimekasirika, Baba, na nitalisema mara moja tu. Ulikuwa radhi nimdhanie mume wangu vibaya kuliko mimi nijue habari za macho yako. Tangu Machi nimeshindwa kumlilia. Nikianza kulia najiuliza, namlilia mwanamume yupi? Na hata kabla ya hapo, mwaka mzima, kilio changu kilikuwa na kizuizi, kwa sababu ya ule ugomvi. Juzi, baada ya kusoma barua yako, nilikaa jikoni nikamlilia mzima mzima. Mjukuu wako alinikuta, akakaa na mimi chini. Picha imerudi ukutani, na gundi imetumika ingawa haikuhitajika.

Sasa sikiliza hili. Toleo jipya lilipotoka, barua zilianza kuja. Ya kwanza ni ya yule karani wa mahakama aliyepoteza asubuhi yake. Ya pili ni ya mama wa mikataba. Kisha ya mwalimu, kisha ya mtu asiyetaja jina wala kazi. Wote wanauliza jambo moja: mstari mkubwa umekwenda wapi? Mama wa mikataba anasema aliugundua siku paka alipokalia kibodi, akawaonyesha wenzake wawili, nao wakawaonyesha wenzao. Hakuna aliyewahi kuniandikia kuhusu sehemu hiyo, kwa sababu hakuna aliyetaka bosi wake ajue. Nilikuwa nimezipuuza barua zile. Nilizisoma vizuri baada ya yako.

Kwa hiyo maelezo ya mwanao hayakuwa sahihi. Hakuyajua hayo, lakini hayakuwa sahihi. Na maelezo mabaya ndiyo yaliyotufikisha hapa: Profesa alisoma "ya mtu mmoja tu" akaona haina maana, mimi nikasoma nikaona mwanamke. Lazima yaandikwe upya, na sitayaandika mimi. Kazi ni yako. Si lazima ujitaje.

Wifi lakini lazima ajue. Utamwambia wewe, au nitamwambia mimi.

Na yale mafungu mengine hutayasoma peke yako. Kila Jumamosi nitakupigia simu, nitakusomea kwa sauti, na kila nukta na mkato nitautaja, kama kiwandani. Pua yangu haijaziba.

Mwanao


30 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nilishika vitufe viwili, likatokea "Kwako Baba, Shikamoo" likajaza kioo. Nilikaa hapo kidogo kabla sijasogeza mstari.

Pale unaposema umekasirika nimepasoma mara mbili. Sina la kusahihisha.

Wifi yako nimemwambia. Akauliza kama naona moto wa jiko. Nikamwambia nausikia. Hilo halikumfurahisha. Anakuja kesho kunipeleka kwa daktari wa macho, na nimekubali. Habari ya kuhama tumekubaliana tugombane baadaye, ana kwa ana. Alilia aliposikia kwamba kaka yake alijua na yeye hakujua. Nimemwambia kosa ni langu, asimlaumu marehemu, maana ameshalaumiwa ya kutosha.

Yule karani wa mahakama ningependa kumjua. Kama atakubali, mpe namba yangu. Usimwambie bosi wake.

Maelezo nimeyaandika. Mara ya kwanza yalitoka marefu kama hotuba, nikajitetea humo ndani karibu ukurasa mzima. Nimeyapigia mstari. Yaliyobaki ni haya. Yake yaache chini, na jina lake, yasomeke.

*Sehemu hii huonyesha mstari mmoja kwa herufi kubwa, kwa ajili ya wasioweza kusoma ukurasa mzima. Huifanya programu iwe nzito kidogo, ivumilieni. Mwandishi wake aliitengeneza kwa ajili ya baba yake, ambaye alimwapisha asimtaje. Aliwaambia mliobaki kwamba ni ya mtu mmoja tu, kwa sababu hakujua zaidi. Ni ya wengi. Baba amemfungua kiapo. Msiiguse.*

Neno la mwisho ni lake, sikuona la kubadilisha.

Pembeni weka jina la aliyesahihisha, kama desturi ya kiwandani ilivyo. Kule tulitia saini kwa herufi mbili tu, na hakuna aliyejua ni nani. Hapa usifanye hivyo. Andika: baba yake.